Rangi ya Kijani kwenye Chemba ya Mtaa wa Vine

North Hazlett, Pennsylvania
12 Machi 1995

Dada Bernadine,

Salamu kutoka kwenye matope. Theluji imeyeyuka na mji mzima unaonekana kama mtu aliyelala na nguo za kazi. Natumaini wewe na Baba Mdogo Cyril hamjambo huko Tucson kwenye jua lenu. Sisi tunajikongoja. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Mama tumemhamishia kwa masista, kwenye makao yao ya wazee, kule juu karibu na makaburi. Hakulia. Alichukua rozari, redio yake na blanketi la buluu, kisha akamwambia sista wa zamu kwamba supu yao haina chumvi. Siku ya pili alikuwa tayari ana maadui wawili, kwa hiyo najua ana nguvu bado. Lakini nyumbani hatarudi. Daktari ametuambia wazi, na yeye mwenyewe amesikia.

Kwa hiyo nyumba ya Mtaa wa Vine naiuza. Nilidhani kuuza nyumba ni kumkabidhi mtu funguo na kumtakia heri. Kumbe siku hizi manispaa ina masharti kuliko wakwe. Bila karatasi yao huuzi hata mlango. Kwanza ni njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba. Mkaguzi alikuja na rula, akapiga rangi nyekundu kwenye slabu nne zilizoinuliwa na mizizi ya mti. Mti ni wa manispaa, mizizi ni ya manispaa, lakini zege lililopasuka, eti hilo ni langu. Nilimuuliza, "Na kivuli je, ni cha nani?" Hakucheka. Wakaguzi wa siku hizi hawacheki.

Kuna na kipimo kingine cha mabomba, lakini hicho ni kitu kidogo.

Msalimie sana Baba Mdogo. Mwambie mlima bado upo pale pale na bado hakuna anayeupanda bila kutukana.

Mdogo wako,
Regis

Tucson, Arizona
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Regis,

Nimepata barua yako na nimecheka peke yangu jikoni. Mwambie Mama Mkubwa Justina aendelee kugombana na masista, ndiyo dawa yake. Mimi mzima, shinikizo la damu limetulia, na wajukuu wamenibebesha paka ambaye sikumuomba.

Baba ametimiza miaka themanini na nne. Moyo umechoka, miguu imevimba, ila akili iko timamu kabisa, na ulimi pia. Anakaa barazani asubuhi mpaka jua limfukuze. Nilimsomea barua yako. Kwenye slabu na kivuli alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye mabomba akaniambia nirudie.

"Kipimo gani hicho?"

"Regis anasema ni kitu kidogo, Baba."

"Mabomba si kitu kidogo. Muulize."

Basi nakuuliza. Unajua mwenyewe jinsi jambo hilo linavyomkaa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mwashi wa matanuru ya chuma, akipanga matofali ambayo moto wa kuyeyusha chuma haukuyashinda, halafu chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe kikamshinda. Sakafu aliivunja mara tatu. Mwaka sitini na mbili, sitini na nne, sitini na tisa. Bomba alilitandaza upya kwa mikono yake, akalipima kwa pima maji, akamwaga zege, na mvua kubwa ya kwanza ikija, uchafu wa watu unapanda kupitia tundu la sakafuni mpaka ngazi ya pili. Nyumba yenyewe imebomolewa, wewe ndiye uliyeniandikia kwamba sasa ni majani matupu. Lakini yeye hadi leo anachora lile bomba migongoni mwa bahasha. Juzi nimemkuta amelichora nyuma ya bili ya umeme. Anatafuta alipokosea, Regis.

Kwa hiyo niandikie vizuri: ni kipimo gani, na wanapimaje? Mzee anasubiri.

Dada yako,
Bernadine

North Hazlett
20 Mei 1995

Dada Bernadine,

Nisamehe kuchelewa. Mama alianguka akitoka kwenye kitanda, nyonga ikavimba, tukakesha na wasiwasi, lakini hakuna kilichovunjika. Sasa ana fimbo na anaitumia kumwonyeshea kila mtu makosa yake.

Slabu nimezivunja na kumwaga mpya mwenyewe. Siku mbili kazi, siku tano mgongo. Nikaweka kamba, nikaweka kibao, na mbwa wa akina Kosko akapita katikati ya zege bichi kama bwana harusi. Nimesawazisha. Mkaguzi amerudi, ameweka rula yake, akasema mwinamo umezidi kidogo. Nimevunja moja nikaimwaga tena. Mbwa huyo huyo akarudi. Nilimkimbiza mpaka kwenye kona na goti hili hili, na Vera Kosko akiwa dirishani ananiambia nisimtishe mnyama wa watu.

Mnunuzi tayari yupo. Anaitwa Loretta Pfeil, mjane, dereva wa basi la shule. Amelipenda jiko. Anasema atapaka kuta rangi ya njano, nami nikamwambia Mama asisikie.

Kuhusu mabomba, sijui sana mambo hayo. Ni kazi ya mafundi wenye leseni. Mwambie Baba Mdogo apumzike, mambo ya zamani hayana faida kwa moyo wake.

Mdogo wako,
Regis

Tucson
6 Juni 1995

Mdogo wangu,

Nashukuru Mungu kwa nyonga ya Mama Mkubwa. Hapa joto limeanza na Baba analala mchana kutwa. Daktari amemwongezea dawa, akaniita pembeni, na mtu akiitwa pembeni unajua anaambiwa nini.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mbwa.

Huwezi kusema hujui mambo ya mabomba, Regis. Si wewe. Baba yako Emil alikuwa msimamizi wa barabara na maji taka wa mji huo miaka ishirini na sita. Watoto wengine walicheza mpira, wewe ulikariri vipenyo vya mabomba. Nilipokuuliza kipimo gani, ulinipiga chenga, na mtu hapigi chenga bila mpira mguuni.

Ngoja nikukumbushe mambo ambayo sijawahi kuyaandika. Kila baada ya mvua, mama yangu aliosha kuta za chini kwa magadi na siki. Makoti ya kanisani alikuwa anayatundika kwenye dari ili yasinuke, na yalinuka hivyo hivyo. Jumapili moja Stella Yurick alihamisha kibeti chake, kisha akajihamisha mwenyewe mpaka mwisho wa benchi. Mama akatazama mbele kama hajaona. Klabuni wanaume walikuwa wanasema Cyril anaweza kuzuia moto wa jehanamu lakini choo chake kimemshinda. Na baba yako, kaka yake wa tumbo moja, mtu mwenye dhamana ya maji taka, alisimama mbele ya watu wote akamwambia, "Zege lako ni uji, Cyril." Tangu siku hiyo hawakukaa meza moja. Mwaka sabini na mbili tukahama, na unajua tulihama kwa sababu gani.

Mama alipokuwa hospitalini siku zake za mwisho alikuwa ananusa mikono ya gauni lake. Nilimwambia, "Mama, unanukia sabuni." Hakuniamini.

Kama unajua kitu, sema. Usiniandikie tena habari za mbwa.

Bernadine

North Hazlett
17 Julai 1995

Dada Bernadine,

Natumaini dawa mpya zimemfaa Baba Mdogo. Mama hajambo.

Kipimo kimefanyika Jumanne na tumeshindwa. Nitakueleza ulivyouliza. Mfanyakazi mmoja wa manispaa anamimina rangi ya kijani kwenye bomba linaloshusha maji ya paa, halafu anaingiza mpira wa maji. Mwingine amefunua chemba ya maji taka chini ya mlima, pale mbele ya kiwanja chenu, anaangalia. Maji ya mvua yana njia yake kwenda kwenye mtaro wa barabarani. Hayatakiwi kabisa kukutana na maji ya vyooni. Rangi isipoonekana kwenye chemba, unapewa karatasi.

Haikufika dakika tatu. Yule wa chini akainua mkono, akaniita nikaone. Niliteremka. Kijani tupu, Dada, inapita chini ya miguu yangu na kuelekea kwenu.

Paa letu liliunganishwa na bomba la maji taka. Mvua ikinyesha, bomba kubwa linajaa, maji yanarudi nyuma na kutafuta pa kutokea, na yanatokea kwenye sakafu iliyo chini kuliko zote. Mtaa wa Vine sakafu hiyo ilikuwa yenu.

Baba ndiye aliyefanya. Sijui alikuwa na mawazo gani. Ameshafariki, siwezi kumuuliza. Naona aibu kwa niaba yake, na nimekaa na barua hii siku tatu. Sijui kama inafaa Baba Mdogo aambiwe kwa hali yake. Hilo nakuachia wewe.

Regis

Tucson
1 Agosti 1995

Regis,

Sisi wazima. Baba amekula vizuri wiki hii.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naishia mahali pale pale. Baba yako aliumizwa mgongo na lori la kumwaga chumvi kwenye barafu mwaka hamsini na nane. Baada ya hapo hakuinua hata ndoo ya makaa. Mama yako ndiye aliyebeba makaa, nilimwona kwa macho yangu. Hakuinama hata kufunga viatu.

Kutoka kona ya paa lenu mpaka bomba la maji taka ni hatua kumi na nne. Tulipochora miraba ya kurukia pale mbele, nilizihesabu.

Nani alichimba?

Sijamsomea Baba. Nasubiri.

Bernadine

North Hazlett
24 Septemba 1995

Dada Bernadine,

Hii ni mara ya tano naandika barua hii. Nne zimeingia kwenye jiko la makaa. Sina salamu nyingi leo.

Nilichimba mimi.

Ilikuwa Jumapili, Oktoba mwaka sitini na moja. Baridi ya mwaka uliotangulia, maji ya paa letu yaliganda kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mama yake Vera Kosko akateleza akavunjika mkono. Sheria ilitaka tuyapeleke kwenye mtaro wa barabarani, maana yake kuivunja barabara, maana yake kibali, na mwenye kutoa vibali alikuwa Baba. Aliona fedheha msimamizi wa barabara kuivunja barabara yake mwenyewe. Akasema bomba la maji taka lipo hapa hapa, nani atajua. Tukamwambia Mama tuna mafua, akaenda Misani na majirani wote. Mtaa ukabaki mtupu. Nikachimba, nikaunganisha, nikafukia, nikamwaga majani makavu juu. Walipotoka kanisani sisi tulikuwa vitandani na nguo za kulalia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Dada, si mtoto, na nilicheka chini ya blanketi.

Masika iliyofuata ndipo nyumba yenu ilipofurika mara ya kwanza. Nilimwambia Baba, "Ni sisi hao." Akaniambia, "Funga mdomo. Nikisema nafukuzwa kazi, halafu mtakula nini?" Nikafunga.

Kuna zaidi. Majirani waliona njia yetu inakaa kavu na barafu haigandi. Wakauliza. Baba akawafanyia na wao, mmoja mmoja, kila Jumapili ya mafua. Alikuwa hachukui pesa. Mmoja alileta sufuria ya holupki, zile kabichi zilizofungwa nyama, mwingine chupa ya pombe ya matunda. Mchimbaji nilikuwa mimi. Tulifanya nyumba nyingine sita, na zote zinateremka kwenu.

Na sasa lile ninaloshindwa kuliandika. Mwaka sitini na nne Baba Mdogo alipovunja sakafu mara ya pili, aliniomba nikamsaidie kutoa kifusi. Nilienda. Nilibeba ndoo Jumamosi nzima. Jioni akanipa bia, akapiga magoti kando ya bomba akiwa na tochi, akaniuliza, "Wewe una macho mazuri, Regis. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia, "Labda mteremko, Baba Mdogo."

Nilimwambia mteremko. Hakukuwa na kosa lolote kwenye ule mteremko, nilijua nikiwa nimesimama pale na bia yake mkononi. Ukiniambia bado anachora kwenye bahasha, najua anachora nini.

Msomee hii. Usiruke kitu.

Regis

Tucson
15 Oktoba 1995

Regis,

Nimemsomea.

Nilidhani hasira itakuja mapema, nikaweka dawa yake karibu. Nilipofika kwenye mteremko akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Mteremko ulikuwa sawa. Robo inchi kwa kila futi. Nilimwambia kila mtu ulikuwa sawa." Nikaendelea mpaka mwisho. Akaiangalia mikono yake huku na huku kama mtu aliyevaa glavu mpya. "Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa nzima," akasema. Regis, alicheka. Baba yangu alicheka na machozi yakamtoka, akaomba mayai na soseji, na kwa siku tatu alikula kama mtu wa zamu ya usiku kiwandani. Alimwambia hata dada anayeleta oksijeni: "Mimi ni mwashi, sijawahi kumwaga zege bovu." Yule dada akasema hongera, babu.

Siku ya nne akaniuliza, "Emil alijua wakati wote?"

Nikasema ndiyo, Baba.

"Hata siku ile ya klabuni?"

Nikasema ndiyo.

Hakuuliza lingine. Tangu hapo hatoki kwenda barazani wala hataki kusomewa gazeti. Miaka thelathini alikuwa na aibu yake lakini alikuwa na kaka, kaka mkali, mwenye kiburi, lakini kaka. Sasa mmemrudishia mikono yake na mmemnyang'anya kaka yake. Sikuandikii hivi ili uumie. Ndivyo ilivyo.

Jana amenipa ujumbe wa kukufikishia. Nauandika kama alivyousema: "Mwambie Regis asiseme kanisani. Justina yuko hai, yuko kwa masista, wale kina mama ndio wanaomtembelea. Wakijua watamwacha peke yake. Waache waendelee kusema ni mimi. Mimi nimeshazoea."

Nimezoea, anasema.

Sasa sikiliza na ujumbe wangu. Mimi ni binti wa Paulina, na Paulina hakuzoea. Alikufa ananusa mikono ya gauni. Nataka useme, na nataka useme mbele ya wale wale, kwenye lile jiko la chini ya kanisa, Alhamisi wakiwa wanakunja pirohi, vile viandazi vya viazi, Stella Yurick akiwepo. Sitaki umwambie padri. Padri hakuhamisha kibeti.

Huwezi kututii wote wawili. Chagua, na usiniandikie kabla hujachagua.

Bernadine

North Hazlett
19 Novemba 1995

Dada Bernadine,

Natumaini barua hii inamkuta Baba Mdogo hai na wewe mzima. Theluji ya kwanza imeanguka jana. Nyumba imeuzwa. Fundi alikata muungano wetu, akachimba barabara kwa kibali, akapeleka maji ya paa kwenye mtaro wake. Walimimina rangi tena na chemba ikabaki safi. Nikapewa karatasi yenye muhuri. Loretta Pfeil amehamia na jiko ni la njano.

Nilimwambia Mama kwanza, kwa sababu ni yeye atakayelipa. Nilikaa kando ya kitanda chake nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Nilijua hamkuwa na mafua. Viatu vyenu vilikuwa na udongo." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Kwa sababu njia ilikuwa kavu, Regis. Nami nilichoka kumwaga majivu juu ya barafu." Kisha akasema, "Paulina alikuwa rafiki yangu. Nenda kaseme. Wakiacha kunitembelea, nitalala mchana."

Alhamisi nikaenda. Walikuwa tisa mezani, wengine viazi, wengine unga. Stella Yurick ana miaka themanini na moja na bado ndiye anayekagua kingo za kila pirohi. Walidhani nimekuja kubeba masufuria. Nikavua kofia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri na yote yakanitoka. Nikasema, "Uchafu wa kwa Cyril ulikuwa wa kwetu. Baba yangu aliunganisha paa na maji taka, na mimi ndiye niliyechimba. Cyril hakukosea kitu. Paulina hakuwa mchafu. Tulikuwa sisi."

Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasikia sufuria inachemka. Nilingoja matusi, Dada, niliyataka.

Stella alimaliza kubana pirohi aliyoishika, akaiweka kwenye trei. Akasema, "Na wetu."

Nikamwangalia.

"Paa letu pia. Ulichimba wewe. Nilikupikia holupki, sufuria nzima, umesahau?"

Kisha Vera Kosko akasema, "Na letu. Marehemu mume wangu alinikataza kusema." Na mwingine mwisho wa meza, bila kugeuka, akainua tu mkono wenye unga kama mwanafunzi.

"Mlijua yanaenda wapi?" nikauliza.

"Maji yanateremka, Regis," Stella akasema. "Hatukuwa wajinga."

Walijua. Ile siku anahamisha kibeti chake alikuwa anajua. Nilifika pale nikidhani nabeba siri ya baba yangu peke yangu, kumbe meza nzima ilikuwa imeikalia miaka thelathini na minne. Vera akaniuliza kama ile rangi ya kijani hufifia haraka, maana anafikiria kuuza mwakani ahamie kwa binti yake. Mwingine akauliza kama mkaguzi hupima nyumba zote au ile inayouzwa tu. Nikawajibu. Sijui kwa nini niliwajibu. Halafu Stella akapiga meza kidogo kwa kiganja akasema, "Haya, unga unakauka," na wakaendelea.

Sikuondoka. Nilikuwa nimeandika anwani yenu ya Tucson kwenye vipande tisa vya karatasi, nikaviweka kwenye mfuko wa shati, kwa sababu nilijua wanawake wale hawana kalamu jikoni. Nilikuwa nimewaza kwamba mtu akisikia, kitu cha kwanza atakachotaka ni kumwandikia mzee. Niliosha trei. Niliosha masufuria. Nilifuta meza mpaka haikuwa na chembe ya unga. Walivaa makoti yao mmoja mmoja, wakaniambia nimsalimie Mama, wakapanda ngazi.

Dada, nilikuwa tayari kumpa yeyote ambaye angeuliza. Nimerudi nyumbani na vipande vyote tisa.

Regis